Vinasaba katika nyumba ya watu saba: jibu kwa mwandishi wa tamthilia ya mauaji

Swali: Mtaalamu, ninaandika tamthilia ya sehemu sita kuhusu mauaji. Mzee tajiri anakutwa amekufa katika chumba chake cha kusomea, amepigwa kichwani kwa sanamu ya shaba, asubuhi baada ya mkutano wa familia. Usiku ule walilala nyumbani humo watu saba, wote ni ndugu na watoto wake. Nilimpa muswada rafiki yangu anayefanya kazi katika maabara ya uchunguzi wa jinai, akacheka. Alisema wao wangechukua sampuli za watu saba, simu saba na picha za kamera ya getini, na kesi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Je, niirudishe hadithi nyuma hadi mwaka 1950, au nilete dhoruba ikate mawasiliano? Au ndiyo kusema sayansi imeshaziua hadithi za aina hii?

Jibu: Ndugu mwandishi, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika maabara za uchunguzi wa jinai, na miaka ya karibuni nimekuwa nikisoma miswada ya filamu kabla haijapigwa picha, kwa hiyo kicheko cha rafiki yako nakifahamu, nimewahi kukicheka mwenyewe. Hakukudanganya. Ila alikujibu kama watu wa maabara wanavyojibu wakiwa nje ya maabara, yaani kwa kujiamini ambako asingethubutu kukuweka katika ripoti yenye sahihi yake. Ungemwomba aketi aandike kwa kalamu ni swali gani hasa ambalo sampuli zile saba zingelijibu, sidhani kama chakula cha mchana kingemkuta ameshapata jina la muuaji.

Sayansi ya leo inajibu vizuri sana swali moja, nalo ni nani aliwahi kugusana na kitu hiki. Alikigusa lini, alikifikia kwa njia gani, na alikuwa akifanya nini wakati huo, hayo huyajibu kwa shida, na mara nyingi haiyajibu kabisa. Hadithi za mauaji zilizosimama juu ya swali la kwanza zimepata pigo la kweli na sioni haja ya kulificha. Zilizosimama juu ya maswali yanayofuata bado ziko wima, na yako ni mojawapo, ingawa naona wewe mwenyewe hujaling'amua hilo.

Tuanze na nyumba yako. Mtu baki akiingia katika nyumba asiyowahi kufika, kisha tone la jasho lake likapatikana kwenye sanamu iliyoua, ana kazi kubwa ya kujieleza. Lakini watu wako saba walilala humo, walikula pamoja, walimkumbatia mzee walipofika, na bila shaka mmojawao aliinyanyua ile sanamu ya shaba akauliza imenunuliwa wapi. Chembe zao ziko kwenye kitasa cha mlango, kwenye ukingo wa glasi, kwenye kola ya shati la marehemu. Kukuta vinasaba vya mpwa kwenye mkono wa kiti cha mjomba wake kunathibitisha kwamba mpwa alikwenda kumwamkia mjomba, basi. Ndiyo maana ile hadithi ya zamani ya nyumba moja na wageni wachache, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyochakaa kuliko zote, ndiyo iliyojikinga vizuri zaidi dhidi ya maabara. Iliyoumia ni ile ya muuaji asiyejulikana anayetoka gizani na kurudi gizani.

Na hata huyo wa gizani, historia yake haiendi kama watu wanavyoisimulia. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba mwezi Septemba 1984. Katika vijiji vya Narborough na Enderby, si mbali na chuo hicho, waliuawa wasichana wawili wa miaka 15, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986, na kijana wa miaka 17 akakiri kosa la pili. Polisi walimwendea Jeffreys wakitumaini atawathibitishia kwamba kijana huyo alifanya yote mawili. Kipimo kikasema aliyefanya yote mawili ni mtu mmoja kweli, lakini si kijana huyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vinasaba katika upelelezi wa mauaji ilikuwa kumwokoa mtu, na ungamo la mdomo, ambalo filamu nyingi hulifanya kilele chao, likaonekana kuwa ndicho kipande kibovu cha kesi nzima.

Mwaka 1987 polisi waliwaomba wanaume wa eneo hilo watoe damu au mate. Wakajitokeza takriban 5,000, na hakuna aliyelingana. Muuaji, mwokaji mikate aitwaye Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa jina lake, akiwa na pasipoti iliyochezewa picha. Maabara isingeligundua hilo hata ingefanya kazi miaka kumi, kwa sababu maabara hupima kilichomo ndani ya chupa, haimwoni aliyenyoosha mkono. Kilichomfichua ni ulimi. Yule mwenzake aliropoka baani mbele ya watu, mwanamke mmoja aliyekuwepo akalisikia neno, na hatimaye akalipeleka polisi. Kipimo cha Pitchfork kilikuja baada ya hapo, kufunga mlango ambao maneno yalikuwa yameshaufungua, naye akahukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988. Hebu itazame kesi hiyo kwa jicho la mwandishi: ungamo la uongo, mtu anayevaa jina la mwenzake, siri inayomtoka mlevi, na shahidi anayesikia asichotakiwa kusikia. Ni vifaa vilevile vya hadithi ya mauaji ya karne iliyopita, na vyote vimo ndani ya kesi iliyozaa enzi ya vinasaba.

Tangu wakati ule mashine zimekuwa kali mno. Wakati wa Jeffreys ilihitajika damu ya kutosha kuonekana kwa macho. Leo seli chache zilizoachwa na kidole zinaweza kutoa wasifu wa mtu, yaani orodha ya jozi za namba zinazoeleza vinasaba vyake, na wasifu uliokamilika unaweza kumtenga mmoja kati ya mabilioni. Mwandishi akisikia hivyo huona ukuta. Mimi huona mlango, kwa sababu kadiri kipimo kinavyokuwa kikali ndivyo kinavyookota visivyohusika.

Mwaka 2012 huko California mtu mmoja alikamatwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikuwa kwenye kucha za marehemu. Hakumjua marehemu, wala hakumbuki alikuwa wapi usiku ule, kwa kuwa alikuwa amelewa. Alikaa rumande takriban miezi mitano kabla ya wakili wake kugundua kwamba saa ya mauaji alikuwa amelazwa hospitalini, na kwamba wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua ndio haohao walioitwa baadaye usiku huo kwenye eneo la mauaji. Walimbeba yeye mikononi mwao, au kwenye vifaa vyao, wakamwacha kwenye vidole vya maiti. Kipimo hakikukosea hata chembe. Vinasaba vilikuwa vyake kweli. Kilichokosewa ni hadithi ambayo watu waliitunga kueleza vilifikaje hapo.

Ujerumani walipata kubwa zaidi. Kwa miaka kadhaa polisi walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio takriban 40 nchini Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia wizi mdogo hadi mauaji ya askari polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Zawadi ya euro 300,000 ilitangazwa. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwahi kuua mtu. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba ambavyo wapelelezi walivitumia kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Kwa hiyo muuaji wa kutisha aliyevuka mipaka ya nchi tatu alikuwa ndani ya mikoba ya polisi wenyewe, akisafiri nao kutoka tukio hadi tukio. Ningeletewa kisa hicho kama muswada ningemrudishia mwandishi na kumwambia amezidisha chumvi.

Niruhusu nikuonyeshe kazi yenyewe inavyofanyika, maana kwenye skrini huwa ni mwanga wa buluu na muziki. Shati la marehemu linafika ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na unyevu huozesha vinasaba. Kabla ya kuufungua unasoma lakiri: nani alifunga, saa ngapi, nani alipokea. Unatandika karatasi safi mezani, unavaa glavu, unafungua mfuko upande ambao haukufungwa na mwenzako ili lakiri yake ibaki nzima. Unachora shati kwenye daftari kabla ya kuligusa. Unakata kipande cha doa kidogo kuliko ukucha, unatupa glavu, unavaa nyingine, unakwenda doa la pili. Shati moja linaweza kumeza siku nzima. Mwandishi mmoja alikuja kunitazama nikifanya hivyo, na baada ya nusu saa nikamwona anapiga miayo. Kisha nikageuza mfuko nikakuta saa iliyoandikwa kwenye lakiri ni ya mapema kuliko saa ambayo mwili ulipatikana. Miayo ikaisha. Nilimweleza kwamba mara nyingi ni kosa la mtu aliyechoka anayeandika usiku, lakini macho yake hayakurudi tena kwenye shati. Alichokiona ni kwamba kila kielelezo kina safari, na kila kituo cha safari hiyo kina mtu mwenye mikono, haraka, na pengine sababu.

Kuhusu muda wa kifo, hapa sayansi imekupa zawadi na filamu zimeikataa. Umeona mara ngapi daktari akipiga goti kando ya maiti na kutamka kwamba alikufa kati ya saa nne na saa nne na robo usiku? Hakuna daktari mwaminifu anayeweza kusema hivyo. Anapima joto la mwili na la chumba, anauliza uzito na nguo, anatazama damu ilivyotuama upande wa chini, anajaribu kukunja taya na viwiko aone maiti imekakamaa kiasi gani. Kukakamaa huanza tayani ndani ya saa chache, huenea mwili mzima kwa takriban nusu siku, kisha huachia. Na joto la chumba linaweza kuyavuruga yote hayo. Njia ya joto inayotumika zaidi, iliyotengenezwa na Mjerumani Claus Henssge, katika hali nzuri kabisa hutoa makadirio yenye nafasi ya saa 2.8 kabla na saa 2.8 baada, yaani dirisha la zaidi ya saa tano na nusu. Saa tano na nusu katika nyumba ya watu saba! Ndani ya muda huo kila mtu ameamka mara moja kwenda kunywa maji. Waandishi wa zamani walihangaika kusimamisha saa ya ukutani ili kupata muda wa kifo usio wa kweli. Wewe sayansi inakuachia usiku karibu mzima wazi.

Simu na kamera ni habari nyingine, na hapo namkubalia rafiki yako kuliko mahali pengine popote. Utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, ule wa "nilikuwa kwenye treni" au "nililala kwa dada", ambao ulibeba hadithi nyingi, umekufa au uko mahututi. Desemba 2015 katika jimbo la Connecticut, Marekani, mume alidai kwamba jambazi aliyejifunika uso alimpiga risasi mkewe mara tu aliporejea nyumbani. Kifaa cha kuhesabu hatua alichovaa marehemu kikaonyesha kwamba mama huyo alikuwa akitembea ndani ya nyumba karibu saa nzima baada ya muda ambao mume alisema ameuawa. Mwaka 2022 mume alitiwa hatiani na kufungwa miaka 65. Miaka 30 nyuma uongo ule ungehitaji mpelelezi mwenye akili nyingi kuuvunja. Sasa ulivunjwa na kitu kidogo kilichofungwa kiunoni ambacho hakikujua kwamba kinatoa ushahidi.

Lakini soma tena: kifaa kilionyesha nyendo za kifaa. Simu huonyesha nyendo za simu. Katika nyumba yako, simu saba zitakuwa vitandani zikichajiwa usiku kucha na kamera ya getini itaonyesha kwamba hakuna aliyeingia wala kutoka, jambo ambalo linamfungia muuaji ndani pamoja na wengine sita na kukuachia kazi yako yote. Ukitaka kuzitumia, tumia kimya chake. Mtu ambaye kila usiku huperuzi simu hadi saa nane, na usiku huo mmoja simu yake haikuguswa toka saa tatu, ameacha pengo, na pengo ni kitu ambacho mtazamaji anaweza kulifikiria mwenyewe bila kusomewa takwimu. Nakushauri tu usimfanye muuaji aache simu yake nyumbani kwa makusudi na kutamba kwa ujanja huo. Nimeshasoma mbinu hiyo katika miswada mingi mno.

Mambo mengine nipite haraka. Sumu haijaisha kama silaha ya hadithi: tangu James Marsh alipotengeneza kipimo chake cha aseniki mwaka 1836 watu wametangaza mara kwa mara kwamba mwisho wa sumu umefika, ila mpaka leo maabara hutafuta zaidi kile ilichoambiwa ikitafute, na kipimo cha kawaida hakigusi kila kemikali iliyoko duniani. Luminoli, ile dawa inayong'aa buluu palipomwagika damu, hung'aa pia kwenye klorini na kwenye shaba, kwa hiyo kwenye sanamu yako haitakufaa sana, na mng'ao wake hufifia baada ya nusu dakika hivi.

Tatizo halisi ambalo sayansi imewaletea watu wa filamu, nionavyo mimi, linahusu macho kuliko siri. Song Ci, ofisa wa mahakama wa China, aliandika mwaka 1247 juu ya kijiji ambamo mtu aliuawa kwa mundu. Mpelelezi akawaita wanakijiji waweke miundu yao chini, juani. Nzi wakatua kwenye mundu mmoja tu, kwa kuwa damu ilikuwa imefutwa lakini haikwisha, na mwenye mundu akapiga paji la uso chini akakiri. Mwaka 1892 nchini Argentina, mama aliyedai jirani ndiye aliyewaua watoto wake wawili alikabiliwa na alama ya kidole chenye damu iliyokatwa pamoja na ubao wa mlango. Ilikuwa yake, akakiri. Katika matukio yote mawili ushahidi unatokea mbele ya mtuhumiwa, kila aliyepo anauona, na mtazamaji hahitaji mkalimani. Ushahidi wa leo huja kama faili la kurasa kumi na mbili lenye sentensi inayosema matokeo yana uwezekano mkubwa zaidi iwapo mshukiwa ni mmoja wa wachangiaji kuliko iwapo si mmoja wao. Nani atapiga paji la uso chini kwa sentensi hiyo?

Ndiyo sababu filamu zikamzulia mtaalamu anayejua yote, anayepima, anayehoji na anayemfunga pingu mtuhumiwa mwenyewe. Tamthilia ya Marekani ya CSI, iliyoanza mwaka 2000, ilimfanya mtu huyo kuwa maarufu kiasi kwamba wanasheria walianza kulalamika kuwa wananchi wanaoketi kuamua kesi hawakubali tena ushahidi usio na maabara. Jaji mmoja wa Michigan, Donald Shelton, aliwauliza watu takriban 1,000 walioitwa kwa kazi hiyo mwaka 2006, na asilimia 46 walisema wanatarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Lakini hakuona dalili ya wazi kwamba waliotazama tamthilia hizo walitoa hukumu tofauti na wengine. Kwa mwandishi, la muhimu ni hilo la kwanza. Mtazamaji wako ameketi na matarajio hayo sebuleni mwake, na usipompa maabara atakuuliza iko wapi.

Mpe, basi, ila chagua uongo wako. Kufupisha muda nakusamehe: matokeo ya wiki tatu yakija baada ya siku mbili hakuna anayeumia. Kumfanya mtu mmoja afanye kazi ya watu watano pia nakusamehe, kwa kuwa waigizaji wanalipwa. Nisichokusamehe ni uhakika wa bandia. Mwaka 2015 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilikiri kwamba wataalamu wake wa kulinganisha nywele kwa darubini walitoa maelezo yaliyovuka mipaka ya sayansi katika zaidi ya asilimia 90 ya kesi zilizopitiwa upya, na baadhi ya waliohukumiwa walikuwa wameshauawa kwa hukumu ya kifo au kufia gerezani. Mwaka 2004 FBI haohao walimkamata wakili wa Oregon kwa alama ya kidole iliyohusishwa na mabomu ya Madrid, wakaja kumwomba radhi baada ya polisi wa Hispania kumpata mwenye kidole. Mtaalamu wako akisema "nina hakika asilimia mia", basi mwandikie sehemu ya nne ambamo anajuta.

Mwaka 1950 na dhoruba sikushauri. Dhoruba hukata mtandao kwa siku mbili, kisha hutulia na polisi hufika na mikoba yao, kwa hiyo umeahirisha tu. Mwaka 1950 tayari kulikuwa na alama za vidole na makundi ya damu, na utatumia nusu ya bajeti kwenye magari na makoti. Isitoshe, ukikimbilia huko utakuwa umeitupa zawadi ambayo rafiki yako alikupa bila kujua, na nimeiweka mwisho makusudi.

Alisema wangechukua sampuli za watu saba. Vizuri, zichukue. Za mzee zipo tayari, kwa kuwa maiti hupimwa daima ili kumtenga na wengine. Mchambuzi anaweka jedwali mezani, safu ya mzee juu, safu za wale saba chini yake. Kila mtoto hupokea nusu ya kila jozi kutoka kwa baba, kwa hiyo mchambuzi mzoefu hahitaji programu ili kuona kama namba zinashuka kutoka safu ya juu hadi ya chini. Anapitisha kalamu yake. Binti mkubwa, sawa. Kijana wa pili, sawa. Wa mwisho, yule ambaye mkutano wa familia uliitwa kwa ajili ya kumkabidhi biashara, hashuki: jozi ya tatu haikubali, ya saba haikubali, ya kumi na moja haikubali. Anarudia kwa sampuli ya akiba, na bado. Sanamu ya shaba, kwa upande wake, imetoa mchanganyiko wa watu wanne au watano usiotenganishika, yaani kuhusu nani aliua maabara haina la kusema.

Na kuhusu alichokiona, hakuna aliyemuuliza. Fomu ya polisi imeomba kulinganisha sampuli na sanamu, basi. Haikuuliza nani ni mtoto wa nani. Akiliandika, amefichua siri ya marehemu na ya mjane katika faili litakalosomwa mahakamani mbele ya watoto. Asipoliandika, huenda amekalia sababu ya mauaji, kwa kuwa mtu mwingine ndani ya nyumba ile anaweza kuwa alilijua kabla yake, na huenda mzee mwenyewe alilijua jioni ile. Nimewahi kushika karatasi ya aina hiyo, katika kesi ambayo sitaieleza, na nakuhakikishia kwamba hakuna mashine chumbani inayokusaidia kuamua. Mwache mchambuzi wako hapo, jedwali mkononi, simu ya mpelelezi ikiita mezani kwake kuuliza kama kuna chochote kipya, na funga sehemu ya pili kabla hajaipokea.